Mtwa Mkwawa wa Uhehe: Maisha Yake, Kifo Chake na Heshima ya Mwili wa Binadamu

Mji wetu wa Iringa hauwezi kusimulia habari zake pasipo kumtaja Mtwa Mkwawa. Jina lake limo katika shule, barabara na majengo. Watoto wa Mlandege hulifahamu kabla hawajajua kuliandika. Hata hivyo wengi wetu tunamfahamu kwa ushujaa wa vita peke yake, na tunasahau kwamba historia yake haikukoma siku alipokufa. Kwa karibu miaka 56 baada ya kifo chake, kichwa chake kilikuwa mbali na kiwiliwili chake, na ukoo wake ukaishi na msiba usiofungwa.

Tunasimulia maisha hayo kwa sababu siku hizi familia zetu zinakutana na swali ambalo wazee wetu hawakuulizwa. Mgonjwa wa figo anaambiwa na daktari kwamba anahitaji figo ya mtu mwingine. Ndugu wanakaa kikao. Mmoja anasema mwili wa binadamu hauguswi. Mwingine anauliza ni kiasi gani cha fedha kingetosha. Wa tatu anaogopa kwamba atafufuka akiwa pungufu. Kanisa limekwisha kulitolea fundisho jambo hili, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalo simulizi la kwetu linalotusaidia kulielewa.

Mtoto wa Munyigumba

Mkwavinyika, ambaye jina lake lilifupishwa kuwa Mkwawa, alizaliwa Luhota, katika nchi ya Uhehe, mnamo mwaka 1855. Jina hilo hufasiriwa kuwa mtwaa nchi. Baba yake, Mtwa Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, ndiye aliyeziunganisha koo nyingi ndogo za nyanda hizi zikawa taifa moja lenye jeshi moja. Munyigumba alipigana na Wasangu upande wa magharibi na Wangoni upande wa kusini, na alipofariki mwaka 1879 aliacha utawala wenye nguvu lakini wenye mgogoro wa urithi.

Mwamubambe, aliyekuwa mtu wa karibu katika nyumba ya Munyigumba, alijitwalia madaraka. Mkwawa, akiwa bado kijana, alilazimika kukimbilia Ugogo. Baadaye alirejea na wafuasi wake, akamshinda Mwamubambe vitani na kuushika utawala wa baba yake. Vita vile vilikuwa vikali, na damu iliyomwagika ilikuwa ya Wahehe kwa Wahehe. Hatuna haja ya kumvika Mkwawa mavazi ya utakatifu. Alikuwa mtawala wa zama zake: alipiga vita, aliteka mifugo na watu, alitoza hongo misafara ya biashara iliyopita katika nchi yake, na wapinzani wake walimwogopa. Jirani zake Wagogo, Wasangu na Wasagara wanayo masimulizi yao juu yake, nayo hayafanani na ya kwetu. Heshima ya mwili wa binadamu, ambayo ndiyo kiini cha makala hii, haitokani na wema wa mtu wala ubaya wake. Inatokana na Mungu aliyemwumba kwa mfano wake.

Mkwawa alifanya makao yake Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, akaizungushia ngome ya ukuta mrefu. Neno la Kihehe la ngome ya namna hiyo, lilinga, ndilo linalotajwa kuwa asili ya jina la Iringa. Kwa hiyo kila tunapoutaja mji wetu, tunaitaja ngome yake.

Kutoka Lugalo hadi Kalenga

Mwaka 1891 Wajerumani, waliokuwa wamekwisha kuitangaza nchi hii kuwa koloni lao, walituma jeshi kwenda Uhehe chini ya Emil von Zelewski, ambaye Waafrika wa pwani walimwita Nyundo. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya mji wa sasa wa Iringa, jeshi hilo lilipita katika bonde lenye vichaka likiwa limejipanga katika mstari mrefu. Wahehe walikuwa wamejificha. Kwa muda mfupi Zelewski mwenyewe aliuawa pamoja na Wajerumani wengine, jumla yao 10, na askari Waafrika wapatao 250 na wapagazi wengi. Wahehe nao walipoteza watu wao wengi, na silaha walizoteka zilikuwa mamia.

Ushindi huo ulilipa jina la Mkwawa umaarufu hadi Ulaya, lakini ulileta pia kisasi. Miaka mitatu baadaye Gavana Friedrich von Schele alikuja na jeshi kubwa lenye mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilitekwa. Mkwawa hakukamatwa. Aliingia misituni na kuanza vita vya kuvizia vilivyodumu karibu miaka minne, akilishwa na kufichwa na watu wake, ambao wengi walilipia uaminifu huo kwa nyumba zao, mashamba yao na maisha yao.

Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince alijenga kituo cha kijeshi mahali unapokaa mji wa sasa. Mlandege na mitaa mingine ya manispaa yetu imekua kuzunguka mji ule ulioanzishwa ili kumwinda mtu mmoja. Wajerumani walijaribu kuwagawa Wahehe kwa kumtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa kwa baba. Lakini baada ya wiki chache walimshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri, wakamwua mwezi Februari 1897. Katika miaka hiyohiyo ya misukosuko wamisionari Wabenediktini waliingia Uhehe na kuanzisha misheni ya Tosamaganga, ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilipokelewa na Wamisionari wa Konsolata. Mbegu ya Injili katika Jimbo letu ilipandwa, basi, katika udongo uliolowa machozi, na ni haki tulikumbuke hilo tunapoadhimisha matunda yake.

Kichwa kilichopangiwa bei

Vita vilipozidi kurefuka, Gavana Eduard von Liebert alitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa yeyote atakayekileta kichwa cha Mkwawa. Kwa tangazo hilo, kiungo cha mwili wa mtu aliye hai kiliwekewa bei. Tangu hapo aliyemwona Mkwawa aliweza kumtazama kama fungu la fedha linalotembea. Njaa, woga na tamaa vikaingia hata miongoni mwa waliokuwa wamemficha.

Mwezi Julai 1898 Mkwawa alikuwa amebakiwa na watu wachache mno. Kikosi cha doria kilichoongozwa na Sajini Mkuu Merkl kilipata habari zake kutoka kwa kijana aliyekuwa katika msafara wake, kikafuata nyayo hadi Mlambalasi, kaskazini-magharibi ya Iringa. Tarehe 19 Julai 1898 askari waliwaona watu wawili wamelala karibu na moto. Merkl alifyatua risasi iliyompata Mkwawa kichwani. Walipokaribia walitambua kwamba wote wawili walikuwa wamekwisha kufa: Mkwawa alijiua kwa bunduki yake mwenyewe ili asitiwe mikononi mwa adui.

Hapa tunapaswa kusema kwa upole na kwa ukweli. Kanisa linafundisha kwamba uhai si mali yetu; sisi ni mawakili wa zawadi ambayo Mungu peke yake ni Bwana wake, na hivyo si halali mtu kujitoa uhai. Kanisa hilohilo linafundisha kwamba hofu kuu, mateso na dhiki nzito vyaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua, kwa maana Mungu anazo njia zake anazozijua mwenyewe. Kwa hiyo hatumhukumu Mkwawa. Tunamwacha katika huruma ya Mungu.

Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu zaidi. Merkl alimwamuru askari wake akikate kichwa cha marehemu, kikapelekwa kituoni Iringa kuwa ushahidi. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi, ambapo kaburi lake lipo hadi leo. Hakuna aliyeuliza mjane, mtoto wala mzee wa ukoo.

Msomaji wa Biblia atakumbuka kifo cha Mfalme Sauli juu ya mlima Gilboa, kinachosimuliwa mwishoni mwa Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Sauli naye aliangukia upanga wake ili asichukuliwe na adui. Wafilisti nao walimkata kichwa na kuutundika mwili wake ukutani huko Beth-shani. Ndipo watu wa Yabesh-Gileadi walipotembea usiku kucha, wakauchukua mwili wa mfalme wao na miili ya wanawe, wakaizika mifupa na kufunga siku saba. Daudi, ambaye Sauli alikuwa amemtesa kwa miaka mingi, alituma ujumbe wa kuwabariki kwa wema huo. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na halichagui marehemu mwema wala mbaya.

Miaka 56 ya kungoja

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliokuwa wameshika nchi walitaka kuwapatia Wahehe shukrani kwa msaada wao dhidi ya Wajerumani. Hivyo likaingizwa jambo la ajabu katika Mkataba wa Versailles uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Mkwawa lililotolewa Afrika ya Mashariki na kupelekwa Ujerumani. Katika mkataba uliopanga upya mipaka ya Ulaya, fuvu la mtawala wa Uhehe lilipata kifungu chake. Miezi sita ikapita, kisha miaka, kisha vita vingine vikuu. Wajerumani walisema hawana habari za fuvu hilo.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alifuatilia habari hizo hadi katika jumba la makumbusho mjini Bremen. Huko alionyeshwa hazina ya mafuvu yapatayo 2,000, mengi yakiwa yamekusanywa makoloni kwa ajili ya wale waliodhani kwamba thamani ya kabila inaweza kupimwa kwa rula. Yale yaliyotoka Afrika ya Mashariki yalitengwa, vipimo vyake vikalinganishwa na vya jamaa wa Mkwawa walio hai, na hatimaye likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954, huko Kalenga, fuvu hilo lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hesabu zake za kisiasa katika shughuli ile, lakini kwa Wahehe waliofurika Kalenga, aliyerudi alikuwa babu yao.

Wanahistoria wamehoji kama kweli fuvu lile ni la Mkwawa mwenyewe. Shaka hiyo nayo ni sehemu ya dhuluma: kiungo kilipotwaliwa bila ridhaa na kupotezewa jina lake, hata siku ya kurudishwa haikuweza kuleta uhakika wote. Tena zipo familia ambazo bado zinangoja. Mjini Songea, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha kwa maovu ya Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji, na akaahidi juhudi za kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906.

Mwaka mmoja, matukio mawili

Mwaka uleule wa 1954, miezi sita tu baada ya sherehe ya Kalenga, tukio jingine lilifanyika mbali na hapa. Tarehe 23 Desemba, mjini Boston nchini Marekani, daktari Joseph Murray, mwamini Mkatoliki, aliongoza upasuaji uliohamisha figo moja kutoka kwa Ronald Herrick kwenda kwa pacha wake Richard, aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa figo. Upandikizaji huo ndio wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu. Ronald aliulizwa, akaelezwa hatari zote, akafikiri, akakubali. Mwaka 1990 Murray alipewa Tuzo ya Nobel.

Tuyaweke matukio hayo mawili pamoja. Katika moja, sehemu ya mwili wa mtu ilitwaliwa kwa nguvu, ikatangaziwa bei, ikawekwa kabatini bila jina. Katika jingine, sehemu ya mwili wa mtu ilitolewa na mwenyewe kwa upendo, bila malipo, kwa ndugu anayejulikana kwa jina. Aliyedhani kwamba Kanisa linakataza kuugusa mwili, na aliyedhani kwamba mwili ni nyama tu ya kukatwa panapohitajika, wote wawili wataona hapa kile kinachotofautisha halali na haramu.

Papa Pio XII alizungumzia upandikizaji wa sehemu ya jicho tangu mwaka 1956, akafundisha kwamba mwili wa marehemu unastahili heshima lakini waweza kutumika kwa wema wa walio hai, mradi haki za marehemu na za jamaa zake zisivunjwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2296, inafundisha kwamba kutoa viungo baada ya kifo ni tendo jema na lenye mastahili. Lakini kuvitwaa pasipo mtoaji, au wale wenye haki ya kusema kwa niaba yake, kutoa ridhaa ya wazi, hakukubaliki kimaadili. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai, alikuhesabu kutoa viungo kwa namna ya halali miongoni mwa matendo ya ushujaa wa kila siku. Tarehe 29 Agosti 2000, akizungumza mjini Roma na wataalamu wa upandikizaji kutoka duniani kote, aliweka masharti kwa uwazi: ridhaa ya mtu aliyeelezwa na kuelewa, kukataa kila aina ya biashara, kuwagawia wagonjwa viungo kwa vigezo vya tiba na si kwa utajiri au kabila, na uhakika wa kifo kabla ya kutoa kiungo ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho.

Yanayotuhusu sisi

Wapendwa, mambo haya hayako tena Boston na Roma tu. Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini mwetu kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Mwezi Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata kwa msaada wa wataalamu kutoka Japani. Mgonjwa wa Iringa ambaye zamani ilimpasa atafute nauli ya kwenda India, sasa anaweza kupanda basi la kupitia Mtera. Kabla ya hapo huishi kwa mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa zipatazo nne kila mara. Familia inayouguza mtu wa namna hiyo huishiwa akiba, kisha mifugo, kisha shamba.

Mtu mwenye afya aweza kuishi na figo moja, ndiyo maana Kanisa linakubali mtu aliye hai aitoe. Haliwezi kukubali atoe kile ambacho kitamwua au kumfanya kilema, hata kama nia ni kumwokoa mwingine. Madaktari hupima kundi la damu na ulinganifu wa tishu, huchunguza afya ya mtoaji, na mpokeaji hulazimika kumeza dawa maisha yake yote ili mwili wake usiikatae figo ya mgeni. Uamuzi wa kutoa, basi, ni wa kufikiriwa kwa utulivu na kuombewa.

Hapo ndipo somo la Mlambalasi linapoingia katika vikao vyetu vya ukoo. Ridhaa si sahihi ya karatasi tu. Tunajua jinsi familia inavyoweza kumteua mmoja atoe: mara nyingi dada asiye na kazi, au mdogo aliyesomeshwa na mgonjwa na ambaye anaambiwa sasa alipe fadhila. Akisita anaitwa mchoyo. Mgonjwa akifa, anabeba lawama mpaka kaburini. Zawadi inayotolewa kwa vitisho si zawadi. Aliye na hofu ana haki ya kusema hapana, na wazee wa ukoo wana wajibu wa kuilinda hapana yake kama wanavyoifurahia ndiyo ya mwingine. Ni vema mtoaji azungumze na daktari faraghani, bila ndugu kuwapo, ili aseme lililo moyoni mwake.

Vivyo hivyo juu ya fedha. Rupia 5,000 za von Liebert hazikuwa za mwisho. Mwaka 2008 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana katika Azimio la Istanbul kulaani biashara ya viungo, na mwaka 2017 Taasisi ya Kipapa ya Sayansi iliitisha mkutano mjini Vatikano dhidi ya uhalifu huo. Nchi jirani ya Kenya nayo, mwaka 2025, ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret ili tuhuma za biashara hiyo zichunguzwe. Anayeuza figo karibu kila mara ni maskini, na anayenunua karibu kila mara ni mwenye nacho. Kijana akikujia na habari za tajiri anayelipa vizuri, mwambie kwamba mwili wake haukupewa bei na Mungu, na bei yoyote atakayopewa na mwanadamu itakuwa ya kumdhulumu. Kumgharamia mtoaji nauli, matibabu na siku za kazi alizokosa ni haki. Kuinunua figo yake ni dhambi.

Kuhusu kutoa viungo baada ya kifo, jambo hili bado ni geni kwetu, kwa kuwa wanaotoa figo katika hospitali zetu ni ndugu walio hai. Lakini litafika, na ni afadhali litukute tumekwisha kulitafakari. Bara letu lenyewe lilikuwa mahali pa upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu, tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, Afrika Kusini. Moyo ule ulitoka kwa binti aliyegongwa na gari, na daktari Christiaan Barnard hakuutwaa kabla baba yake hajaulizwa na kukubali, katika saa ileile ya msiba wake. Kanisa linadai zaidi: kifo kithibitishwe kwa uhakika, na wanaokithibitisha wasiwe walewale wanaongojea kupandikiza kiungo. Nao wenye nia ya kutoa waseme mapema nyumbani, ili mzigo wa uamuzi usiwaangukie jamaa wakiwa wanalia.

Je, tutafufuka pungufu?

Hofu hii tunaisikia, na haistahili kudharauliwa. Wazee wetu hawakudai fuvu la Mkwawa kwa miaka yote hiyo kwa sababu ya ushirikina mtupu. Walijua kwamba mwili ni mtu mwenyewe katika hali yake ya kuonekana, na Imani yetu inaungana nao katika hilo. Tunaiweka miili ya marehemu wetu kaburini kwa heshima kwa sababu ilikuwa hekalu la Roho Mtakatifu na kwa sababu tunangoja ufufuko.

Lakini ufufuko hautegemei hesabu ya viungo vilivyozikwa. Mtakatifu Matias Kalemba Mulumba, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, alikatwa viungo vyake mwezi Mei 1886 na kuachwa afe kwa kiu. Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni mwaka huohuo. Hakuna Mkatoliki anayedhani kwamba watatokea mbele za Mungu wakiwa na upungufu. Yeye aliyeuumba mwili pasipo kitu hatashindwa kuufanya upya. Kristo Mfufuka mwenyewe alibaki na alama za misumari, nazo hazikuwa kasoro. Zilikuwa kumbukumbu ya upendo wake. Twaweza kuamini kwamba kovu la aliyempa ndugu yake figo nalo litakuwa na utukufu wake.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, tunawaalika mlizungumze jambo hili katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kabla ugonjwa haujabisha hodi. Waulizeni madaktari na wauguzi waliomo katika parokia zenu wawaeleze mambo ya tiba, na mapadre wenu wawaeleze mambo ya imani. Watunzeni wagonjwa wa figo kwa maombi, kwa kuwachangia damu na nauli, na kwa kuwatembelea nyumbani. Aliye tayari kutoa, atoe kwa uhuru. Asiye tayari, aheshimiwe. Na katika sala zenu kwa ajili ya marehemu msiwasahau wale waliozikwa bila vichwa vyao na wale ambao mifupa yao ingali katika makabati ya nchi za mbali. Mungu anawafahamu kila mmoja kwa jina lake.